Afisa wa Viatu Vinavyong'aa

Yule afisa anayeleta habari za vifo vya vitani hupangusa viatu kwanza mlangoni, utadhani kaja kuposa. Halafu huvua kofia, hukohoa, hukodolea dari macho kama fundi wa paa, na kuanza kwa sauti ya gwaride: "Alikufa kishujaa, papo hapo, wala hakuumia." Kwa jirani alisema hivyo, kwa mke wa mshona viatu hivyo hivyo. Vita gani hivi, watoto wanakwisha na hakuna hata mmoja aliyeumia? Juzi akaja kwangu, kwa ajili ya mjukuu wangu, ambaye hata ndevu zilikuwa hazijamwota. Alipofungua mdomo tu, nikamsomea mimi mwenyewe maneno yake yote, na kukohoa nikakohoa. "Sasa niambie ambalo hukukariri, baba. Mwisho aliita nani?"

Akaizungusha kofia mikononi. Sauti ikawa ya mtu wa kawaida, tena mwenye mafua. "Sikuwepo, bibi. Lakini wengi wao huita mama."

"Mama yake alifariki akimzaa. Aliyekuwa akimwita mama ni mimi," nikamwambia. "Kumbe aliniita, nami nilikuwa hapa nafua mashuka, sikusikia."