Jino Pacha na Ahadi ya Baba

Baba yangu alikuwa na pengo la meno sita ya chini, yaliyong'olewa kwao karibu na ziwa alipokuwa kijana, kama desturi ya kuingia utu uzima ilivyotaka. Alipobatizwa na kuajiriwa na reli hapa Nakuru, aliapa mbele ya waumini kwamba hakuna mtoto wake atakayeguswa jino. Nilimwamini. Meno yangu mawili ya mbele, ya chini, yalikuwa yameota yameungana, jino moja pana lenye mfereji katikati, nami nililionea fahari ambayo baadaye sikuipata hata kwa shahada.

Uozo ukaanzia katika mfereji huo. Daktari wa meno, Mhindi mpole mwenye chumba juu ya duka la vitambaa, alisema jino litaokoka: angelitoboa, atoe neva iliyokufa, asafishe mzizi kwa sindano nyembamba, kisha auzibe. Baba akanishika bega.

"Halitang'olewa," akasema. "Mimi nipo."

Nilikwenda mara kadhaa, nikirudi nyumba za reli nikinuka mafuta ya karafuu. Kila mara fizi ilivimba tena, ikijaa usaha. Mwishowe daktari akaeleza kwamba jino lilikuwa na njia mbili ndani, na ya pili ilijikunja mahali ambapo sindano yake haikufika. Hapo akageukia Kiingereza, na Baba naye. Mimi, msomi wa darasa la nne, nilielewa "yes" peke yake, nikafurahi kwamba wanakubaliana.

Safari iliyofuata Baba aliniambia tunakwenda kusafisha tu. Kitini alinishika mikono yote miwili, nikadhani ananifariji. Ganzi ilikuwa nzuri mno. Nililiona jino kwenye koleo kabla sijajua kwamba ni langu. Daktari aliligeuzageuza dirishani, akilisifu.

Hata hilo ningemsamehe. Usaha ule ungeweza kuniua, na mtu mzima huelewa mambo kama hayo. Lakini Krismasi tulikwenda kwa nyanya, mama yake Baba, ambaye miaka yote alilalamika kwamba nina mdomo wa kitoto, usio na pengo. Alinishika kidevu, akaliona pengo, akapiga kigelegele.

"Sasa huyu ni mtu wetu," akasema.

Nilimtazama Baba, nikingoja amweleze habari za uvimbe, sindano na ile njia iliyojikunja. Baba alicheka hadi pengo lake lote likaonekana.

"Si nilikuahidi, Mama?" akasema.