Kikaango cha Wifi

Nilifika kwa kaka yangu, kijijini Mwakitolyo, jua likiwa la utosi, nikakuta mlango wa jikoni umefungwa. Nikapiga hodi, nikausukuma. Wifi yangu, na mimba yake kubwa, kachuchumaa mbele ya jiko la mkaa anachoma dhahabu kwenye kikaango. Kidonge cheupe cha dhahabu iliyonaswa kwa zebaki kinafuka moshi, zebaki iondoke ibaki dhahabu, naye kakiinamia. Pembeni, kwenye mkeka, binti yake wa kwanza. Wa umri wake wako darasa la pili. Yeye hata "mama" hajawahi kusema.

Damu ilinichemka. "Kaka! Njoo hapa!"

Akaja anacheka. "Punguza sauti, wezi watajua tuna mali. Huyu akiwa na mimba mkono wake una bahati. Hata mimba ya kwanza alikuwa ananichomea yeye."

Hata mimba ya kwanza! Na meno yote nje! Nesi wa kliniki Shinyanga mjini aliniambia waziwazi kwamba moshi wa zebaki unaingia kwa mama, unafika kwenye ubongo wa mtoto tumboni. Kama ndio uliomharibu yule binti, hakuna wa kunithibitishia. Lakini huyu wa pili bado hajazaliwa, na baba yake anamfukiza kwa ajili ya bahati!

Na wale watafiti wa zebaki waliopita kijijini nao wasinitie wazimu. Walikuja na gari lao, wakawakata kina mama nywele za kisogoni wakazipime zebaki, wakawapa sabuni, wakaahidi kurudi na majibu. Mpaka leo kimya. Nywele zimefika, majibu yamekwama wapi?

Nikashika jiko kwa kanga, nikalitoa nje na kikaango chake na moshi wake. "Moshi huu unaua akili ya mtoto! Kachomee huko machimboni, mwenyewe, mbali na watu!" Majirani wakachungulia. Kaka akanywea, akatoa dhahabu yake kikaangoni, akaapa kwamba mkewe hatachoma tena. Nikakaa kwenye kivuli cha nyumba, pumzi zikaanza kurudi. Nilijiona nimemwokoa mtoto.

Nikasikia harufu ya kitunguu. Nikaingia ndani. Wifi kashalirudisha jiko, kafuta kikaango kwa kitambaa, anakaanga mayai.

"Mayu wane, mama yangu! Wifi, kikaango hichohicho cha zebaki?"

Akanitazama, macho yamemtoka. "Si umesema moshi, wifi? Kikaango nani alisema?"

Binti alikuwa ameshapewa yai la kwanza, anatafuna.