Mikono ya Pilipili

Pilipili zikianza kuchemka na siki, harufu inanirudisha jikoni kwetu Kinoo, ile baridi ya Agosti. Binamu yangu alikuja likizo kutoka Muthangari, na Mama akampa yeye kazi ya kukata pilipili. Yangu kila mwaka! Mimi nikapewa vitunguu.

Kwetu, aliyekata pilipili hakuruhusiwa kugusa chakula wala uso mpaka vidole viache kuwasha. Kwa hivyo githeri ilipoiva, Mama alimketisha karibu na jiko la makaa, akapuliza kijiko na kumlisha kama mtoto mchanga. Hata kamasi alimpangusa.

"Fungua mdomo, mama," alimwambia.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita mimi.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe si uko na mikono?"

Nilikula nimenuna, nikimtazama yule msichana akitafuna polepole, makusudi kabisa. Mpaka leo simpendi vizuri.

Leo nimezikata mwenyewe. Vidole vinawaka moto, kamasi zinanitoka. Nimeketi mezani nimeinua mikono, na githeri inapoa mbele yangu.