Mwanamke wa Kwenye Noti ya Faranga Mia

Jamani, Milcah alimkuta mwanamke ndani ya suruali ya mumewe.

Kifua wazi. Bendera mkononi. Wala haya hana.

Hii ilikuwa Doha, mwaka 2009, kwenye chumba chao cha kupanga kule Al Mansoura. Milcah alikuwa nesi. Mumewe, Kioko, alibeba mizigo ya wageni katika hoteli moja kubwa. Ijumaa hiyo asubuhi Milcah alikuwa anafua haraka haraka wawahi kanisani Mesaimeer, maana huko ibada ni Ijumaa. Akapekua mifuko, akatoa karatasi ya kahawia.

"Kioko! Huyu ni nani?"

Kioko akatoka bafuni na povu masikioni. "Hiyo ni pesa, mama."

"Pesa gani haina blauzi?"

"Ya Wafaransa, ya kabla ya euro. Madam Odile, mgeni wetu pale hotelini, alinipa tip jana, hiyo ikawa imejikunja humo ndani. Leo nikiingia shifti namrudishia."

"Ikajikunja yenyewe!"

Milcah hakuamini hata nusu. Akafungua mkoba wake wa kazi, akatoa plasta, akambandika yule dada kifuani. Pwaa!

"Sasa anaweza kukaa kwa nyumba ya Wakristo."

Wakiwa wanafunga mlango, simu ikalia. Trevor, msimamizi wa Kioko.

"Mse, kuna noma. Madam Odile analia hapa. Noti ya marehemu mumewe imepotea, na gari la kwenda eapoti linamngoja. Meneja anasema wewe ndiye ulishika vitu vyake. Anataka kuita polisi."

Huku, mgeni akisema umemwibia, kazi imeenda, na wewe unarudishwa kwenu.

"Bandua hiyo kitu!"

Milcah akajaribu kwa ukucha. Wino ukaanza kutoka na plasta. Akaacha.

Wakaruka kwenye teksi.

Madam Odile, bibi wa mvi, alikuwa ameketi mapokezi, meneja amesimama kando yake amekunja uso. Milcah hakumngoja mumewe ajikanyage. Akaitoa noti kwa mikono miwili.

"Madam, hii plasta ni yangu. Nilidhani ni hawara wa mume wangu."

Bibi akaitazama. Meneja akakohoa.

Kisha bibi akaangua kicheko, machozi yakamtoka upya.

Mwanaume aliye naye kwenye noti, akawaeleza, ni Delacroix, mchoraji wa zamani. Mwanamke ametoka kwenye mchoro wake: ni Uhuru mwenyewe, anaongoza watu vitani. Noti ilipotoka, miaka ya sabini ikiisha, mumewe aliipeleka nyumbani kumwonyesha mama yake.

"Mama mkwe alichukua kalamu, akamchorea sidiria! Mume wangu akatafuta nyingine safi, ndiyo hii. Aliiweka kwa waleti mpaka akafa. Nimeitoa mimi mwenyewe, kwa makosa."

Akamgeukia meneja. "Hapa hakuna mwizi."

Akaenda zake na noti, plasta juu.

Nje, Kioko akashusha pumzi. "Yameisha."

"Bado," Milcah akasema, macho chini. "Ulipokuwa unavaa, nilimpigia mama."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba una Mfaransa."

Kioko akaangalia simu yake. Mashemeji wote wa Nyamira, kwao Milcah, walikuwa wamempigia. Na ujumbe wa mama mkwe: *Desemba usikanyage hapa.*

Dada zangu, mwacheni mume amalize kujieleza kabla hamjapiga simu nyumbani. Milcah alipiga tena siku hiyo hiyo, akaeleza yote, akaapa.

Haikusaidia. Mpaka leo, kule Nyamira, Kioko ni yule shemeji mwenye Mzungu.