Kiangazi Mama Alipopamba Nyumba

Chokaa mbichi ikipakwa kwenye ukuta mkavu hutoa harufu kali inayopanda moja kwa moja hadi machoni. Kiangazi kile, nikiwa na miaka kumi, niliamkia harufu hiyo wiki nzima kabla sijaelewa kwamba mama yangu alikuwa anahangaika. Tulikaa kijiji cha Munje, katika nyumba ya matumbawe na udongo iliyojengwa na babu yake mama. Sebuleni ukuta mzima ulikuwa na vidaka, yale matundu ya kale yaliyochongwa ukutani ya kuwekea vyombo vya thamani, ambamo sisi tuliweka vibatari, ndala na mbegu za mahindi. Baba alikuwa bawabu kwenye jumba moja la kifahari huko Diani. Zamani alikuwa akija nyumbani kila Ijumaa. Kisha akawa anaruka wiki. Kisha hakuja kabisa, na Mama akipiga simu anaambiwa mteja hapatikani.

Ndipo siku moja Mama alipotoa ndala na mbegu zote nje, akaanza kupaka vidaka chokaa kwa kitambaa alichokifunga kwenye kijiti. Alipomaliza alifungua kasha la marehemu bibi yake. Mlikuwa na sahani za buluu zenye maua ya nchi za mbali, vikombe visivyo na mikono, na bakuli moja kubwa la kichina lililopasuka zamani likaungwa kwa vibano vya shaba. Alivisugua kwa majivu na ndimu mpaka vidole vikamchubuka. Alipanga, akarudi nyuma hadi mlangoni, akatazama, akapangua. "Baba yako akija," aliniambia bila kugeuka, "akute nyumba ni nyumba."

Lakini vyombo vya kasha havikujaza vidaka vyote, na Mama hakuweza kuvumilia kuona kimoja kitupu. Akaanza kuzunguka mtaani kuomba vyombo vya kale. Alitoa leso zake za harusi, jozi baada ya jozi, akapewa sahani zilizopauka. Alimtoa kuku wetu wa mwisho kwa mtungi wa maji uliomeguka mdomo. Mikeka aliyokuwa akisuka ili tupate kula ililala pembeni, ukindu ukamkaukia. Mahindi yalikuwa yameshakufa shambani, na mimi na mdogo wangu Bakari tulikula muhogo mkavu wa kuchemsha asubuhi na jioni. Bakari alikuwa na miaka mitatu. Alilia njaa chini ya sahani zile nzuri, na Mama akamwambia anyamaze, asije akatikisa kitu.

Shangazi Mwanasha, dada yake Baba, alikuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Aliingia adhuhuri moja na bakuli la uji, akamkuta Mama juu ya kiti.

"Wifi, shuka. Watoto hawa wanakonda."

"Nimebakiza vidaka viwili tu, wifi yangu."

"Mtu harudishwi na sahani!"

Mama alichukua kitambaa. Aliufuta mtungi vumbi ambalo halikuwapo. Shangazi alitaka kusema jambo jingine, nikamwona akilimeza.

Nilimfuata Shangazi kwake, nikamwomba simu. Baba alipoona nambari ya Shangazi alipokea mara moja. Hilo peke yake liliniuma kwa namna ambayo sikuwa na jina lake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha nikasema uongo ambao sikuupanga: "Mama anaumwa sana. Hawezi hata kuinuka." "Kesho," akasema.

Kesho yake alikuja. Mama alisikia sauti yake uani, akatoka mbio, uso umemng'aa kama mtu aliyejibiwa dua. Baba alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mtoto aliniambia hujiwezi," alisema. Mama alinigeukia. Sijapata kuangaliwa vile tena maishani. Hakukuwa na hasira, kilikuwa kitu kinachozimika. Lakini alijikaza. "Sisi ni wazima, alhamdulillahi," akamjibu. "Karibu ndani."

Baba aliingia, akasimama katikati ya sebule. Alizungusha macho ukutani. Mama alisubiri amekunja mikono kama mwanafunzi. Ndipo Baba alipotoa simu yake akaanza kupiga picha, kidaka kimoja baada ya kingine. "Yule mama tajiri wangu wa Diani anavipenda sana vitu hivi," alisema. "Anapamba jumba lake kwa vyombo vya kale. Nikimpelekea, atanipa hata likizo. Nitakuja Ijumaa nikae."

Alirudi na tuktuk siku ya pili. Mama ndiye aliyevifungasha vyombo kwa mikono yake, kila kimoja ndani ya kipande cha kanga, taratibu, kama anayevisha mtoto mchanga. Shangazi alisimama mlangoni akipiga kelele, "Hasani, huna haya? Hasani!" Mama alimsihi anyamaze. Mimi nilibeba bakuli la kichina hadi kwenye tuktuk. Ningeweza kuliangusha. Nililiweka kitini polepole.

Ijumaa ilipita, na nyingine. Kisha Shangazi alikuja, hakukaa. "Wifi, nisamehe. Ametoa talaka. Ameoa Ukunda tangu kabla ya Ramadhani, na mimi nilijua." Mama aliitikia kwa kichwa tu. Asubuhi iliyofuata alikoroga udongo na kuvijaza vidaka vyote, kimoja kimoja, akavisawazisha kwa kiganja mpaka ukuta ukawa ukuta. Hakuniuliza kamwe kuhusu ile simu. Laiti angeniuliza.

Leo nakaa Ukunda, nina nyumba ya matofali na watoto wawili ambao hawajui muhogo mkavu. Mama anakaa nami. Anasuka mikeka, anakula vizuri, anacheka na wajukuu. Madukani kando ya barabara ya Diani wanapanga vyombo vya kale kwenye madirisha, na wageni huvinunua wakapambe kwao. Napita bila kusimama. Nilidhani hayo yote yamekwisha. Lakini mume wangu anafanya kazi Taru, mbali huko bara, na mwezi uliopita alikawia siku nne bila kupiga simu. Siku ya tatu Mama alinikuta nimebadilisha mapazia yote ya nyumba, napiga pasi vitambaa vya meza, na chakula cha watoto kimeungua jikoni. Alinipokonya pasi mkononi, akaizima, akakaa kando yangu sakafuni. "Saumu, mwanangu," alisema. "Kaa tu. Kaa." Tukakaa hadi watoto waliporudi kutoka madrasa wakiulizia chakula.