Nyama Mbichi kwa Mbwa wa Baba

Mimi ni mtu wa kusoma lebo. Ndiyo kazi inayonilisha: kwenye kiwanda cha maziwa ninakofanya kazi hapa Arusha, paketi haitoki mpaka niikague, na ugonjwa huo nimeuleta hadi nyumbani. Wenye maduka wa Ngaramtoni wakiniona naingia wanaguna, maana wanajua nitasimama na kopo la siagi ya karanga mpaka foleni yote iishe. Kwa hiyo jirani yangu Mzungu alipofungasha kurudi kwao na kuniachia mfuko wa chakula cha mbwa wake, sikuanza kwa kushukuru. Mungu anisamehe, nilianza kwa kuugeuza mfuko upande wa nyuma.

Nilikuwa na sababu yangu. Mbwa wa baba alikuwa amegoma kula.

Baba alifariki kabla ya masika, kule Oldonyo Sambu. Baada ya msiba ukoo ulikaa, ukaamua kondoo wachukuliwe na baba mdogo, na yeyo, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, aje kukaa kwangu. Mbwa alikuja naye kwa sababu hakuna aliyemtaka. Hakuwa hata na jina. Baba alimwita oldia, yaani mbwa kwa lugha yetu, basi. Alikuwa mzee, mvi zimemjaa mdomoni, sikio moja limechanwa na fisi, na maisha yake yote alikuwa amelinda kondoo wa baba. Baba akiwa kitandani, wakati sauti imeshaanza kumkauka, aliniambia nimwangalie yeyo. Nikadhani amemaliza. Kisha akasema, "Na huyo naye."

Yeyo nilimweza. Huyo naye ndiye aliyenishinda. Mwanzoni alikuwa anakula loshoro, yale mahindi na ndizi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, aliyoyazoea toka utoto. Halafu akaacha. Nikampa ugali na mchuzi wa dagaa, akanusa, akarudi kulala kando ya tanki la maji. Nikamwita daktari wa mifugo, binti mpole wa Olmotonyi, akamminyaminya tumbo, akachukua damu, na siku ya pili akarudi na majibu.

"Dada, figo zimechoka," alisema. "Na uzee umemfika. Kwa sasa tusibague. Atakachokubali, mpe hicho hicho. Akiendelea hivi, wiki hii haimalizi."

Ndiyo maana nilikaa barazani na ule mfuko kama mtu anayesoma wosia.

Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kinatangulia, na hapo cha kwanza kilikuwa nyama ya kondoo. Si "nyama" tu isiyo na mwenyewe, wanavyoandika wajanja. Kondoo. Kisha moyo wa kondoo, ini, figo, mfupa uliosagwa, boga, mafuta ya samaki, na mwishoni kabisa madini na vitamini. Mahindi hakuna, ngano hakuna, rangi hakuna. Nikaenda kwenye protini kutafuta walipodanganya, kwa sababu chakula kilichokaushwa kama hicho, maji yakishatolewa, kila namba yake inapanda, na ukikilinganisha na nyama ya kopo bila kuyatoa maji ya huko pia, umejidanganya mwenyewe. Nikayatoa, nikapiga hesabu pembeni ya gazeti, bado kikasimama. Walikuwa wameandika kwamba ni mlo kamili, siyo kitu cha kuongezea tu kwenye mlo. Kalsiamu na fosforasi zilikuwa zinakwenda sambamba kama inavyotakiwa.

Mawili yalinikwaza. Mfupa una fosforasi nyingi, na figo zilizochoka haziiwezi. La pili, ile nyama ilikuwa mbichi. Wameigandisha, wakaivuta maji ikiwa bado barafu, lakini motoni haijapita, na baridi huwalaza vijidudu tu, haiwamalizi. Ukiitia maji wanaamka. Nikasema nitanawa kwa sabuni, na hiyo fosforasi nimwachie Mungu, kwa kuwa tumeambiwa tusibague. Kwa kweli kilikuwa chakula bora kuliko ninachokula mimi.

Yeyo siku hiyo alikuwa amekwenda Oldonyo Sambu kwenye kikao cha ukoo, akalala huko. Nikavitia vile vipande kwenye bakuli. Vilikuwa vyepesi na vikavu kama maandazi ya juzi, lakini vilipopata maji ya uvuguvugu vikawa vyekundu, na ua mzima ukanuka kuchinja. Mbwa akainua kichwa. Akasimama, miguu inatetemeka, akaja mwenyewe mpaka kwenye bakuli. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Akanusa. Kisha akageuka, akalala kando ya bakuli, mgongo kwenye nyama, uso kwenye geti.

Nikadhani anaona haya kula mbele za watu, nikaingia ndani nikawa namchungulia dirishani. Kuku akasogea, mbwa akanyanyuka kwa shida akamfukuza. Kunguru akatua kwenye uzio, mbwa akamngurumia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tumtoe bomani kwa baba. Nikajiambia, mwenye kulinda chakula chake hajakikataa, ataanza tu. Mpaka alasiri alikuwa hajalamba hata mara moja. Nilichovya kidole nikampaka mdomoni, akageuza kichwa taratibu, kwa adabu kabisa, na hapo hasira zikanipanda.

"Kula basi!" nilimfokea. "Kuna ini humo! Kuna mafuta ya samaki!"

Kama vile naye anasoma lebo. Nikamwaga, nikachanganya nyingine, nikapunguza maji. Ikawa vilevile. Asubuhi nilimkuta palepale, na bakuli limejaa.

Yeyo alirudi mchana. Alisimama getini na mfuko wake wa maharage, akamtazama mbwa, akalitazama bakuli.

"Umempa nini?"

"Nyama, yeyo. Ya kondoo."

"Mbichi?"

"Ndivyo inavyoliwa hiyo."

Akatua mfuko chini. "Mwanangu, mbwa wa kondoo hapewi nyama mbichi. Akiijua ladha yake, kesho anakula mwanakondoo. Baba yako akichinja, huyu alikuwa analazwa kando ya nyama ailinde. Haigusi. Mpaka ichomwe, baba yako aume kwanza cha kwake, ndipo amrushie."

Sikuwa najua. Kwetu kuchinja ni mambo ya wanaume, huko mbali kwenye miti, na mtoto wa kike anaiona nyama ikishafika nyumbani. Asiyekuwapo na lake halipo. Nikamuuliza yeye ameyaonea wapi hayo.

"Kaka zako walipokuja wote mjini, unadhani nani alikuwa anamshikia miguu ya kondoo?" akasema. "Mimi. Tulikuwa tunajificha nyuma ya zizi, tunacheka, tunaogopa wazee watuone. Mimi, yeye, na huyu."

Alikuwa anatabasamu. Kisha akamwangalia tena mbwa, uso kwenye geti, na tabasamu likamtoka.

"Anamsubiri aje aume kwanza," akasema.

Moyo uliniuma, sina namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa nimesoma kila neno la mfuko ule, nimeipima mifupa na mafuta, na huku mbwa alikuwa amekaa na njaa mchana na usiku akitunza nyama ya mtu ambaye nilimtupia udongo kaburini kwa mkono wangu.

Yeyo akawasha jiko la mkaa. Akachota nyama kwenye bakuli, akaifinyanga vidonge vidogo, akavichoma. Mfuko ulikuwa umeandika wazi kwamba isipikwe. Nikampepelea mkaa. Kilipoiva cha kwanza akakiuma, akatafuna, akameza.

"Haina chumvi," akasema.

Kisha akamrushia mbwa kingine, kwa mkono wa chini, jinsi baba alivyokuwa anarusha vitu. Kikadondoka mbele ya pua yake. Mbwa akakinusa. Akamtazama yeyo, akatazama geti kwa muda mrefu. Halafu akala.

"Haya, baba," yeyo akamwambia. "Haya."

Cha pili alikitia mdomoni kikamdondoka. Nikamshikia nami kingine nikiwa nimepiga magoti, baada ya kukiuma kwanza, nikijua kabisa kilichomo ndani yake, lakini alilamba tu vidole vyangu. Akajikokota akarudi kando ya bakuli la nyama mbichi iliyobaki, akalala vilevile kama mwanzo. Jua lilipokuwa linashuka nyuma ya migomba nilikwenda kumgusa, na alikuwa ameshakwenda.

Tulimzika hapohapo kwenye migomba. Yeyo alimfunika na shuka moja ya baba, ile iliyoungua pindo. Alisema amechoka, nikamwambia aende akapumzike mimi nikafukie. Nilipomaliza nilinawa mikono, kisha nikakumbuka bakuli halijamwagwa, nikazunguka mbele ya nyumba.

Yeyo hakuwa amekwenda kulala. Alikuwa amekaa chini palepale alipokuwa mbwa, kando ya bakuli, uso kwenye geti. Kuku mmoja aliyechelewa kuingia bandani akasogea, yeyo akamfukuza kwa pindo la khanga. Nikanyoosha mkono kulichukua bakuli.

"Liache kwanza," akasema.

Nikaliacha, nikakaa naye.