Poda ya Maji ya Dada Zuhura

Tulipokuwa watoto sisi wa Kibokoni, uso haukuwa na mambo mengi. Siku za kazi ulipakwa mafuta ya nazi mpaka ukang'aa kama sufuria mpya, na siku ya Idi ukatiwa poda nyeupe, basi. Poda yenyewe haikuchaguliwa. Mweupe, mweusi, maji ya kunde, sote twapakwa kutoka kopo moja, twatoka mtaani kama maandazi yaliyoangukia unga, na hakuna wa kumcheka mwenziwe. Kisha twaenda kula viazi vya karai, jasho lashuka, poda yachora mito mashavuni, na magharibi kila mtu arudi kwao na ramani yake usoni.

Leo mjukuu wangu Nasra ana chupa za rangi ya uso zimejaa rafu, faundesheni aziita, na mwisho wa yote hupaka ile ile ya jana. Juzi nilimkuta aijaribu mpya kwenye mgongo wa mkono. Nikamwambia, mwanangu, mkono si uso. Mkono waosha vyombo, na ijapokuwa wako wewe hauoshi, bado si uso. Paka hapa kwenye taya, toka nje juani, ukiitafuta usiione basi hiyo ndiyo yako. Akauliza nimeyajulia wapi mambo hayo, nami shule niliiacha mapema. Nikaanza kumweleza habari ya Dada Zuhura, lakini alishainamia simu. Basi nawaeleza nyinyi wenzangu.

Dada Zuhura ndiye mkubwa wetu, nami ndimi niliyemfuata baada ya wavulana. Watu walisema tumefanana kama tumekopolewa kwa kibao kimoja cha mbuzi, maneno ya Mama hayo, nami mpaka leo sijui maana yake ila nayapenda. Tofauti ilikuwa moja. Yeye alipatwa na tetekuwanga, akajikuna ijapokuwa Mama alimfunga mikono kwa leso, na mashavuni yakambaki mashimo madogo madogo, kama kinyunya kilichobonyezwa kwa kidole. Sisi nyumbani tulikuwa hatuyaoni tena. Yeye aliyaona kila siku.

Akaposwa na kijana wa Majengo mwenye ndevu za kujaa mashavu. Wanawake wa upande ule walikuwa hawajamwona ila ndani ya buibui, kajifunika mpaka puani. Na nyinyi mwajua desturi yetu: siku ya kupamba, biharusi hukalishwa juu ya kiti mbele ya wanawake wote, hufunuliwa uso, na wa kwanza kumtazama kwa karibu ni mavyaa wake, yaani mamake bwana harusi. Dada Zuhura aliiogopa siku hiyo kuliko ndoa yenyewe. Alikuwa akimwambia Mama, "Watasema mliniuza kizani."

Ndipo aliposikia habari za poda ya maji. Mhindi mmoja karibu na Marikiti ameleta vichupa kutoka ng'ambo, ukijipaka mashimo yote yajaa na uso huwa kama yai. Mama hakutaka, akasema uso si ukuta wa kupigwa lipu. Dada akalia, Mama akakubali. Lakini Dada alikuwa ameshawekwa ndani, akisingwa na somo wake, yaani kungwi wake, Bi Rukia, kila asubuhi, kusuguliwa ngozi kwa singo ya msandali na mawaridi, na biharusi aliyewekwa ndani hatoki hata kibarazani. Sasa uso utapimwaje dukani?

Bi Rukia akanitazama mimi. "Na huyu je? Uso si ule ule?"

Basi nikaoshwa, Mama akanichukua dukani. Mke wa Mhindi alikuwa mtu wa kazi yake. Alinipaka kidogo kwenye taya, akanishika bega akanitoa mlangoni juani, akakunja uso, akaifuta, akapaka nyingine. Watu wakasimama kutazama, hata mwenye mkokoteni wa machungwa akatoa rai yake, kwamba ile ya katikati ilinifaa zaidi. Tulipoipata, kweli ilipotea kwenye ngozi kama maji mchangani. Yule mama akauliza kama mimi ndiye biharusi, watu wakacheka. Mama akamweleza. Yule mama akaacha kufunga chupa, akasema, "Mama, leta uso mwenyewe." Mama akamjibu kwamba biharusi hatoki, na uso ni huu huu, na tufungie tafadhali.

Hakuna aliyefikiri. Mimi niliyepimwa nilikuwa mtoto wa juani. Kuanzia kutoka chuoni kwa mwalimu wa Kurani mpaka magharibi nilikuwa uwanja wa Makadara nacheza rede, au kwenye mawe ya pwani naokota koa, nimeungua mpaka masikio. Na Dada Zuhura yuko chumbani, dirisha limefungwa, asingwa asubuhi na kupakwa liwa jioni, rangi yafunguka kila kukicha kama ndizi inayoiva. Na Bi Rukia alikataza uso wake usiguswe na chochote mpaka singo iishe. Chupa ikawekwa sandukuni.

Siku ya kupamba, baada ya alasiri, akapambwa mle mle chumbani kwa taa. Mashimo yakajaa kweli, na Dada akajitazama kiooni akatabasamu, sijapata kumwona akitabasamu vile. Ukumbini wageni wa Majengo wameshafika, twasikia vigelegele vyao. Akatolewa uani ili avishwe asmini penye mwanga, na pale ndipo tulipoona. Shingo na mikono nyeupe pee, uso mwekundu kama haluwa. Ungedhani kichwa cha mtu mwingine kimeazimwa.

Shangazi yetu, ambaye ulimi wake haukuwa na mlango, akasema, "Uso umekwenda Shimanzi kupakua magunia, shingo imebaki nyumbani."

Sisi watoto tukaangua kicheko, Mama akatufukuza kwa jicho. Bi Rukia akataka apake ile rangi mpaka shingoni. Shangazi akauliza, na mikono je, na miguu yenye hina? Mwingine akasema ichanganywe na poda nyeupe. Dada Zuhura alikuwa amesimama, machozi yakimchimbia njia mbili katika ile rangi, na katika zile njia mashimo yake yaonekana. Kisha akasema polepole, "Nifuteni. Yote."

Bi Rukia akamfuta kwa leso na mafuta ya nazi, akamtia wanja, basi. Akapelekwa kitini, nami nyuma nimeshika pindo la nguo yake.

Mavyaa wake alikuwa mama wa kimo kirefu, hana haraka. Akafunua ushungi, akatazama. Akatazama tena. Akautoa mkono akampapasa lile shavu, shimo kwa shimo, Mama yangu kaziba mdomo. Kisha akageukia wenziwe wa Majengo akasema, "Tetekuwanga. Na mwanangu zile ndevu mwadhani amezifugia nini?"

Nyumba ikapasuka kwa vigelegele. Dada Zuhura alicheka mpaka wanja ukamharibikia. Na fungate haijaisha, shemeji akaenda kwa kinyozi akazinyoa zote, wakawa wakipita barazani wawili wameachia mashavu yao, wamesalimia kila mtu.

Enzi hizo tulikosea mengi, sikatai, na rangi za leo ni nzuri kuliko ile yetu ya kukisia. Mabiharusi wa siku hizi wapendeza kweli, picha zao huwa zimetufikia kabla wao hawajanawa. Nami nikialikwa huenda, hukaa mbele, na ikifika zamu yangu ya kumpa mkono biharusi huwa nautoa nimshike shavu, kama nilivyoona kwa wakubwa wangu. Naye hujivuta nyuma kidogo, kwa adabu, huku akitabasamu: "Taratibu, Bibi, rangi itatoka." Basi mkono nauregesha ndani ya buibui, namwombea dua kutoka pale pale niliposimama.